Majina Yenye Wenyewe

Kwa miaka kumi na mitano Tabita hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, hata usingizini kwa ushahidi wa mumewe. Mimi nitalitaja, maana mzee si mkwe wangu na hakuna wa kunitoza kuku wa faini: anaitwa Lusubilo, mkulima wa kahawa wa Ikinga kule Ileje, mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kanisani ambalo limeshawazika wachungaji watatu na bado linadai.

Katika ukoo ule wa Kindali mke wa mtoto hamtaji baba mkwe, hamkazii macho, wala hakai naye chumba kimoja. Mzee akiingia kwa mlango wa mbele, mkwe anatokea wa nyuma. Akiwa na neno la kumwambia, anamwambia mama mkwe, na mama mkwe analivusha. Siku hizi wasomi wanasema huo ni ushamba, na wengi wameshaacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wakibishana habari za mpira. Tabita hakuacha. Alizaliwa jirani na Mbozi Mission, Mnyiha, binti wa Wamoraviani, angeweza kabisa kusema kwamba dini yake haimlazimishi. Lakini aliipenda ile heshima, na zaidi ya heshima aliupenda ufundi wake, kwa sababu kuishi na jina usiloruhusiwa kulitaja ni ufundi, asikudanganye mtu. Lusubilo kwa lugha yao ni tumaini, basi hata mahubiri ya tumaini aliyasimulia kwa kuzunguka. Jirani mmoja mwenye jina hilo hilo alimwita "baba wa nyumba ya bati" mpaka bati likaota kutu. Mzee naye alimrudishia heshima yake sawasawa: hakulitaja jina la Tabita hata siku moja. Akimhitaji alisema tu, "Mwenzetu wa ofisini."

Na ufundi huo ndio uliomfanya Tabita kuwa mtu wa kompyuta. Cheka tu, nakungoja.

Alipoolewa na Andongwisye, dereva wa malori, walipanga chumba Tunduma. Ilikuwa miaka ile ambayo biashara imefunguliwa, na kila mwenye baiskeli na magunia mawili alijiita mfanyabiashara wa kimataifa. Wafanyabiashara wa kimataifa wote hao walihitaji fomu, na fomu zilihitaji kuchapwa, kwa hiyo Tabita akapata kazi ya taipureta kwenye duka la Bwana Nikodemo karibu na mpaka. Asubuhi Wazambia walivuka kutoka Nakonde, wakasimama dirishani, "Mulishani, mama!", na wote walikuwa na haraka, na hakuna aliyejua tahajia ya jina la kampuni yake mwenyewe.

Mwaka 1999 Nikodemo akanunua kompyuta. Aliifunika kitambaa cha kudarizi na kwa wiki tatu akakataza mtu kuigusa, pamoja na yeye mwenyewe. Pembeni yake aliweka kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada, alichokiokota kwa muuza vitabu chakavu wa Nakonde, kinachofundisha kuhifadhi kumbukumbu: unaandaa jedwali, unalipa jina, unazipa safu zake majina, kisha unaiamuru mashine ikuletee unachotaka. Nikodemo alikisoma kurasa mbili akasema macho yanamuuma. Tabita alikisoma chote, kamusi pajani, mwaka mzima.

Kitabu kilikuwa na masharti mengi ya majina kuliko sherehe ya harusi. Jina lianze na herufi, si namba. Lisiwe na nafasi katikati. Lisibebe alama za ajabu ajabu. Mteja wake wa kwanza wa majaribio alikuwa Mhoja, Msukuma wa bondeni Momba aliyekuja kuandikiwa orodha ya mifugo yake ya kuuza. Tabita akaliita jedwali "ng'ombe", na mashine ikakwama palepale kwenye kile kialama cha juu. Mhoja akaitazama kwa dharau.

"Ng'ombe wangu wamevuka mto Momba umefurika, leo wanashindwa na hicho kisanduku?"

Tabita akaandika "mifugo", wakaingia wote mia na tisa.

Lakini siku aliyoikumbuka ni nyingine. Alitaka safu ya oda za wateja, na kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza, naye akajitutumua akaiita "order". Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Nikodemo akashauri ipigwe kofi pembeni. Tabita akafunua kurasa za mwisho, akakuta orodha ndefu ya maneno ambayo mashine imejiwekea yenyewe: order ni lake, inalitumia inapoamriwa kupanga, group ni lake, inapoamriwa kuweka watu kwa makundi, na mengine mengi ya namna hiyo. Usiyachukue ukampa mtoto wako, maana ukiyatamka mashine haijui unamwita mtoto au unaiamuru yenyewe. Tabita akacheka kwa sauti mpaka wateja wakachungulia dirishani.

"Kumbe ni majina ya wakwe!" alisema. "Si mngesema?"

Kitabu kiliongeza kwamba ukibanwa sana unaweza kulitumia neno la mashine, ila ulizungushie vialama viwili, kimoja huku kimoja huku, kama mkwe aliyelazimika kusema na mzee akasimama nyuma ya ukuta na khanga mdomoni. Inakubalika. Ila mwenye adabu zake haendi huko, anatafuta jina jingine. Toka siku hiyo Tabita akaapa: kila jedwali na kila safu vitaitwa kwa Kiswahili. Mkulima, kijiji, kikundi, mzigo. Waliotengeneza mashine hawakuwahi kusikia Kiswahili, kwa hiyo haikuwa na mkwe hata mmoja humo. Miaka kumi hajagombana nayo tena.

Mwaka 2003 alihamia Vwawa, kwenye ofisi ya Umoja wa vikundi vya wakulima wa kahawa. Aliajiriwa kama mchapaji, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kwamba huyo mchapaji alikuwa ameandika kumbukumbu za wakulima elfu tatu na mia saba, kijiji kwa kijiji, kikundi kwa kikundi, kila mmoja na idadi ya miche yake, hilo halikuonekana kuwa kazi. Lilikuwa linatokea tu, kama umande. Mwenyekiti Hezron, mtu mwema mwenye mapenzi makubwa na maikrofoni, alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mchapaji, nitolee orodha," na orodha ikatoka, naye akaenda zake akiamini orodha ni tabia ya karatasi.

Mahali pamoja tu Tabita alikwama. Alipowaandika wakulima wa Ikinga alifika kwenye namba 214, akaondoa mikono kwenye vitufe kama vimepata moto. Akamwita Enesi, mpika chai wa ofisi.

"Njoo unibonyezee hili jina."

"Dada, una vidole kumi, vyote vimekufa?"

"La mkwe hilo."

Enesi akafuta mikono kwenye aproni, akaketi, akabonyeza herufi nane moja baada ya nyingine huku Tabita akitazama dirishani. Kisha Enesi akasimama akadai kuongezewa cheo. Kila yule mzee alipohitaji kuandikwa upya, ilikuwa hivyo hivyo.

Basi mwaka 2008 wafadhili wakagundua kwamba Umoja unahitaji mfumo. Wa zamani ulikuwa unafanya kazi, na hilo lilitia mashaka. Wakamleta Injinia Justine kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyochongoka mpaka unajiuliza vidole kaviacha wapi, na kompyuta ya mapajani aliyoishika kama mchungaji anavyoshika Biblia. Alikaa kwenye kiti cha Tabita, akafungua kazi yake ya miaka mitano, akaanza kucheka.

"Mkulima. Kikundi. Kijiji. Hii ni database au kitabu cha darasa la pili?"

"Inafanya kazi, kaka," alisema Tabita.

"Mama, dunia nzima inatumia Kiingereza. Kuna viwango."

Ndani ya wiki mbili dunia nzima ikahamia Vwawa. Kikundi kikawa "group". Oda ya miche ikawa "order". Tabita aliposema taratibu kwamba yale maneno yana wenyewe, Injinia alimtazama kwa huruma, akamwambia amejenga kila kitu kwa kubofya na hakuna kilicholalamika. Ni kweli. Ukijenga kwa kubofya, mashine yenyewe inakuzungushia vile vialama kimyakimya, inakufichia aibu. Siku utakayoandika amri kwa mkono wako ndipo utakapojua ulimwita nani. Lakini amri ya kwa mkono ilikuwa ile ya kutoa orodha ya mgao, na hiyo Injinia aliiahirisha, kwa sababu alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuchagua rangi. Mafaili ya Tabita akayafuta ili kuokoa nafasi.

Mwenyekiti akaitisha kikao akatangaza habari njema. Siku ya mgao wa miche, mwezi wa kumi na moja, mfumo utazinduliwa mbele ya wageni. Ukifanya kazi siku hiyo, Umoja hautahitaji tena mchapaji, maana mfumo unajichapia. Mkataba wa mchapaji unaisha Desemba, kwa hiyo mambo yamekaa vizuri. Wajumbe wakapiga makofi. Tabita alikuwa kikaoni, ndiye aliyeandika muhtasari, na aliandika pia kwamba wajumbe walipiga makofi.

Usifikiri hakuumia. Alirudi nyumbani akalia mpaka pua ikaziba. Andongwisye alikuwa safarini Zambia, na kwa simu alimwambia tu, "Mke wangu, kaza roho," ushauri ambao madereva wa malori huutoa kwa kila jambo, kuanzia pancha hadi msiba. Kazi ile ilikuwa kitu pekee alichokijenga kwa akili yake mwenyewe, na sasa ilibidi aombe kishindwe kilichokuja mahali pake. Aliomba, nami simlaumu.

Siku ikafika. Uwanja wa ofisi ukajaa wakulima, turubai la wageni, spika mbili na malori manne ya miche mibichi kutoka kitaluni. Kitalu kilikuwa na sharti moja: orodha ya mgao kwa kila kikundi, imechapwa na kugongwa muhuri, ifike mikononi mwa msimamizi wa malori kabla ya saa sita mchana. Isipofika, malori yanageuza kwenda kwa vikundi vya wilaya nyingine vilivyokuwa foleni. Wakulima wale walikuwa wamesubiri miaka mitatu. Mibuni yao ilikuwa imezeeka, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza.

Saa nne na nusu Injinia akabonyeza. Mashine ikaandika mstari mwekundu. Akabonyeza tena, kwa heshima zaidi. Mstari mwekundu. Akasema ni umeme. Umeme ulikuwepo. Akasema ni kirusi. Akasema ni vumbi la Vwawa, na hapo Enesi, aliyeingia na birika, akasema vumbi la Vwawa tunakula nalo na hatujawahi kukwama. Mwenyekiti akatoka nje akawatangazia wageni kwamba mfumo unajipanga, akaimbisha pambio. Saa tano Injinia akasema anatoka barazani kutafuta mtandao wa simu, ampigie mwenzake Dar. Kompyuta akaiacha wazi.

Tabita alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Mstari mwekundu alikuwa ameshausoma toka mara ya kwanza. Ulikuwa unasema wazi, kwa Kiingereza cha viwango vya dunia, kwamba kuna tatizo karibu na neno group.

Sasa mtazame huyo mama. Akinyamaza, mfumo unakufa mbele ya wageni, na kazi yake inabaki. Akiugusa, unafufuka, na yeye ndiye anayezikwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hakuna ambaye angemlaumu. Akageukia dirisha ili asitazame ile kompyuta, na dirishani akamwona mzee wa Ikinga na lile koti lake, amesimama kwenye mstari wa kikundi chake juani, mkononi ameshika gunia alilolilowanisha maji ili miche isinyauke njiani. Gunia lilikuwa linadondosha maji kwenye kiatu chake, wala hakusogeza mguu. Tabita akashusha macho haraka kwa adabu.

"Mungu wangu, huyu mzee!" alisema, na alikuwa na hasira kweli.

Akaketi. Akalitafuta neno group kwenye ile amri, akaweka kialama kimoja kabla na kimoja baada. Akafanya vivyo hivyo kwa order. Akabonyeza. Mashine ya kuchapia ikakohoa, ikaanza kutema karatasi. Enesi alikuwa bado amesimama na birika.

"Umefanya nini, dada?"

"Nimemfunika mkwe khanga."

"Na kazi yako?"

Tabita akainuka, akarudi nyuma ya mlango.

Injinia alirudi akakuta karatasi zinamwagika. Hakuuliza. Mtu wa aina hiyo haulizi baraka zimetoka wapi. Akazibeba mwenyewe hadi kwenye turubai, na Mwenyekiti akamshika mkono akauinua juu kama bondia. "Mfumo ulikuwa unapasha moto," Injinia aliwaambia kwenye maikrofoni, wakapiga makofi. Saa tano na dakika hamsini malori yakaanza kushusha. Mzee wa namba 214 alipata miche mia mbili, akaipanga kwenye gunia mmoja mmoja.

Desemba Tabita akapewa barua. *Ndugu Mchapaji, tunakushukuru kwa mchango wako. Nafasi yako imefutwa kufuatia ujio wa mfumo.* Akapewa na kalenda ya Umoja ya mwaka mpya, yenye picha kubwa ya Mwenyekiti ameshika mkono wa Injinia. Karatasi nzuri, nzito. Aliitumia kufunikia unga.

Alikwenda Ikinga kukaa na wakwe, maana Andongwisye alikuwa barabarani na kodi ya chumba Vwawa haikuwa na maana tena. Akapalilia ile mibuni mia mbili. Hakuna aliyemwonea huruma kwa maneno, na alishukuru. Habari yote aliivusha kwa mama mkwe wake, Bibi Nesta, jikoni, kidogo kidogo, pamoja na vile vialama viwili na khanga. Bibi Nesta aliivusha hadi sebuleni. Sebuleni hakukurudi jibu, ila wiki ile mzee alitengeneza kiti cha jikoni kilichokuwa kimevunjika mguu miaka minne.

Mwaka ukazunguka. Novemba 2009, asubuhi moja baada ya mvua, gari la Umoja likapanda Ikinga likiteleza, limetapakaa matope mpaka kwenye vioo. Akashuka Mwenyekiti Hezron, suruali ameikunja, bila maikrofoni, mnyonge. Tabita aliliona kutoka shambani, akapita njia ya nyuma akaingia jikoni. Kati ya jikoni na sebule palikuwa na ukuta wa tofali mbichi, na juu yake uwazi wa kupitishia moshi. Moshi ulikwenda sebuleni, na kila neno la sebuleni likaja jikoni.

Mzee akamkaribisha mgeni, akamuuliza habari za Vwawa, za kahawa, za mvua, za mke, za kanisa. Hezron alijibu zote huku akitazama saa. Kisha akasema shida yake. Malori ya miche yanakuja kesho. Mfumo umekataa. Injinia Justine alipita mwezi wa saba kuukagua, akakuta kwenye zile amri kuna vialama vidogo visivyoeleweka, kama kinyesi cha nzi, akavisafisha. Tangu wakati huo hakuna aliyeutumia mpaka jana. Na sasa Injinia yuko mradi mwingine, simu haipatikani.

Jikoni, Tabita akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga ili asicheke kwa sauti.

"Kwa hiyo tumemfuata yule mchapaji," alimalizia Hezron. "Enesi wa ofisini anasema ndiye anayejua."

"Hapa hatuna mchapaji," alisema mzee.

"Mzee, si ni mkwe wako? Mke wa Andongwisye."

"Mkwe ninaye. Mchapaji sina. Mnamtaka nani?"

"Huyo huyo, mzee wangu."

"Huyo nani?"

Kiti kikalia chini ya Hezron. Bibi Nesta, aliyekuwa anachambua mchicha karibu na Tabita, akaacha mkono hewani.

"Yule mama..." alisema Hezron. "Mama... Aah, mzee, wewe si unamjua?"

"Namjua," alisema mzee, polepole, bila kupandisha sauti. "Mimi kwa mila zetu nimekatazwa kulitaja jina lake, naye langu amekatazwa. Ni heshima, tumeishi nayo miaka kumi na mitano. Wewe umekatazwa na nani?"

Nasema hivi: kama kuna mtu amewahi kuvuliwa koti pasipo kuguswa kifungo, ni Mwenyekiti Hezron asubuhi ile. Miaka mitano alisimama mlangoni pa yule mwanamke akidai orodha. Barua ya kumwachisha aliisaini mwenyewe. Mwishowe akatoa simu, akatoka hadi kizingitini ambako mtandao unashika, akaiweka sauti kubwa kwa sababu hakujua kuipunguza.

"Enesi, sikiliza. Yule mchapaji... anaitwa nani?"

Upande wa pili Enesi alisikika akiweka birika mezani.

"Anaitwa Tabita, Mwenyekiti," alisema Enesi. "Ndiye aliyekuandikia zile hotuba zako zote."

Jina likaingia ndani ya nyumba ile, likapita juu ya ukuta. Kwa miaka yote hiyo halikuwahi kutamkwa sebuleni pale. Tabita alilisikia akiwa ameinamia chungu, na machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa na moshi wa kusingizia, maana moto ulikuwa umeshika vizuri.

Hezron akarudi, akaketi, akasema, "Tunamwomba Tabita."

"Sasa nimekuelewa," alisema mzee. "Andika."

Mwenyekiti hatembei bila muhuri, na kumbe siku nyingine hiyo ni faida. Akaandika barua juu ya goti. Mzee akampa Bibi Nesta, Bibi Nesta akaileta jikoni. Tabita akaisoma, akairudisha.

"Mama, mwambie baba, hapo kwenye kazi ameandika mchapaji. Hilo si jina la kazi yangu."

Bibi Nesta akavusha. Ukutani ikasikika sauti ya mzee ikimwambia Mwenyekiti, "Imekataa. Tafuta neno jingine."

Ya pili ilisema: *Ndugu Tabita, unaajiriwa kuwa Mtunza Kumbukumbu wa Umoja, ajira ya kudumu.* Muhuri ulikuwa umegongwa mara mbili, wa kwanza ulikuwa umefifia. Tabita aliisoma mara tatu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kichwani alikuwa ameshaanza kulifuta lile neno group kwenye kila jedwali na kuandika kikundi.

"Nimwambieje?" aliuliza Bibi Nesta.

Tabita akafunua chungu, akabonyeza harage moja kwa kidole.

"Mwambie baba nimekubali. Ila maharage bado."

Bibi Nesta akaenda. Kule sebuleni Hezron alikuwa ameshasimama, ufunguo wa gari mkononi.

"Kaa," alisema mzee. "Mwenzetu wa ofisini anamalizia jikoni."

Hezron akakaa.